Pasi Juu ya Kochi

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Silitaji kwa mdomo na hata hapa silitaji, kwa hiyo anayelitaka akamuulize mume wangu, Lusubilo, ambaye ni mwanawe na hana shida ya kulitamka. Mimi nimeolewa na Wandali, watu wa Ileje, na katika ukoo wao mke wa mtoto hamtaji baba mkwe, haonani naye uso kwa uso, hakai naye chumba kimoja, wala hapiti njia anayopita yeye. Wakikutana kwa bahati mbaya, anayekimbia ni mwanamke. Wenyewe wanaiita heshima.

Kwetu ni Itaka, na sisi ni Wanyiha. Nyumbani kwa wazazi wangu nako mkwe anaheshimiwa, asije mtu akasema Nesta kalelewa porini. Lakini heshima ya kwetu inapiga goti, inasalimia, inaweka maji ya kunawa, halafu inaendelea na kazi zake. Ya kwao inaruka dirishani. Miaka tisa ya ndoa, nimemletea yule mzee wajukuu wawili, nimempikia masufuria yasiyohesabika, na sura yake siijui. Namjua kwa kikohozi. Namjua kwa viatu vyake, kwa sababu huvivua mlangoni na mimi huviona nikiwa mbali. Kila alipokuja Tunduma kututembelea, nilitoka nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma, nikaenda kulala kwa jirani yangu Rozi, nikapika huko huko kwa Rozi, na watoto wakabeba vyungu kuvuka uchochoro. Rozi alikuwa ananicheka mpaka anakaa chini. Kwa siku mbili tatu nilivumilia. Mtu akija na kuondoka, unavumilia.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Mzee alikuwa anaishi peke yake tangu mama mkwe alipofariki, na macho yake yote mawili yakawa yameingia ukungu, mtoto wa jicho. Ukoo ukakaa, ukaamua kwamba aje kuishi kwa Lusubilo, mtoto wake wa kwanza, awe karibu na hospitali na karibu na watu. Kuishi, si kutembea.

"Na mimi nitaishi wapi?" nilimuuliza Lusubilo.

Akajikuna kichwa. "Tutaona, mama Gwalugano."

"Utaona wewe. Nyumba ina sebule moja na vyumba viwili, na mlango wa kila chumba unafungukia sebuleni. Nikitaka kwenda chooni nipite wapi, darini?"

"Nimesema tutaona."

Nikamwambia basi na wewe sikiliza. Siku baba yako atakapoingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka na sanduku kwa mlango wa nyuma. Nakwenda Itaka kwenye send-off ya mdogo wangu Angel, na kuhusu kurudi usiniulize. Alitabasamu. Ukiwa na mdomo mkubwa kama wangu, watu wanadhani kila siku unatania.

Sikuwa natania. Nyumba ile tuliijenga tofali kwa tofali, mimi na yeye, na nilikuwa nimeapa kwamba sitaishi ndani yake kama mwizi. Mzee alitarajiwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi sanduku langu lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango wa sebule, na mimi nimekaa mbele ya kabati la vyombo nikinyoosha nywele.

Nywele zangu ni ngumu. Dawa niliacha tangu iliponichubua utosi, na saluni siendi tena tangu msichana mmoja aliponichoma sikio huku anaangalia simu yake. Nanyoosha mwenyewe nyumbani, kwa pasi niliyonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na kazi hiyo naipenda kuliko ninavyokiri. Jioni unaosha, unasuka mabutu makubwa ili zikauke zikiwa zimevutika. Asubuhi unafumua, unagawa kichwa mafungu manne, unabana matatu unabaki na moja. Unapaka mafuta kidogo, kidogo tu, maana yakizidi zinakaangika. Unachukua shungi jembamba, kitana kinatangulia, pasi inafuata nyuma yake kutoka kwenye shina hadi nchani. Ukisimama, umeunguza. Ukiharakisha, hazinyooki. Basi hata mwanamke mwenye kelele kama mimi analazimika kutulia, na akitulia anaanza kuwaza.

Nilikuwa nawaza kwamba nywele zenyewe nazibembeleza tu. Mvua ikininyeshea Itaka, zitarudi kama zilivyokuwa. Nikajiuliza kama na mimi kwa Wandali ndivyo nilivyo, kwamba wamenivuta nikavutika miaka yote hii, na sasa nimelowa. Wazo hilo lilinihuzunisha. Lusubilo nampenda, na hilo ndilo lilikuwa linaniuma zaidi, kwa sababu kumwacha mtu unayemchukia ni kazi rahisi.

Nilikaa sebuleni kwa sababu soketi ya chumbani iliungua siku nyingi, na kwa sababu kabati lina kioo. Nilikuwa na khanga kifuani, miguu peku. Watoto walikuwa shuleni, Gwalugano na mdogo wake. Lusubilo alikuwa kazini kwa wakala wa mizigo, kule kwenye foleni ya malori. Rozi naye alikuwa ameshakwenda sokoni. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekwisha, umelala hadi begani. Upande wa kulia ulikuwa bado umesimama kama ulivyoumbwa. Pasi ilikuwa mkononi, imekolea moto, niliposikia bodaboda inazimwa getini, na baada ya bodaboda, kikohozi.

Siku moja kabla ya siku yake.

Mtu ambaye hajaolewa kule hawezi kuelewa. Hapo hakuna kufikiri, miguu inajua yenyewe. Niliitupa pasi, nikaruka meza, nikatoka mlango wa nyuma nimeshikilia khanga kwa meno. Nilipojikuta nimechuchumaa nyuma ya jiko, ndipo nikapata nafasi ya kukasirika. Nimefungasha sanduku kwa hasira ya mila hii, nimemtolea mume wangu maneno makali kwa ajili ya mila hii, na kikohozi kimoja tu kimenitoa nje ya nyumba yangu kama kuku aliyeingia jikoni. Nilijichukia.

Nilimsikia dereva akimwongoza. "Kuna ngazi hapo mzee, inua mguu. Tena. Haya." Mfuko ukawekwa chini, bodaboda ikaondoka. Mzee akabisha hodi. Hakuna aliyemkaribisha, akasubiri, akabisha tena, kisha nikasikia kiti cha mbao karibu na dirisha kinalia chini yake. Alikuwa ameketi.

Sasa fikiria hali yangu. Ua wetu una ukuta wenye vipande vya chupa juu. Njia ya kutoka ni moja, geti la mbele, nalo linatazamana na mlango wa sebule ambao mzee alikuwa ameuacha wazi. Simu yangu ilikuwa juu ya kabati. Mimi niko nyuma ya nyumba na khanga moja, nusu ya kichwa ni ya mwanamke anayekwenda kwenye sherehe na nusu nyingine ni ya mtu aliyetoka kupigana. Nikasema nitakaa hapa mpaka Lusubilo arudi mchana. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia.

Ndipo nikasikia harufu.

Mwanzoni nilidhani ni nywele zangu, kwa sababu nilikuwa bado nanukia mafuta na joto. Lakini hii ilikuwa harufu kali ya uzi wa vitambaa, vile vya kufuma tunavyotandika kwenye makochi. Nikaitazama mikono yangu. Siku zote nikinyoosha, pasi naiweka juu ya sahani ya bati. Leo niliitupa tu. Niliitupa kwenye kochi kubwa, juu ya vitambaa, na ilikuwa inawaka.

Nikaomba umeme ukatike. Hapa kwetu umeme unakatika ukiwa umeshika sare ya shule asubuhi, unakatika ukiwa na nyama kwenye jokofu. Siku ile haukutikisika. Nilinyanyuka nikaenda hadi chini ya dirisha la sebule linalotazama uani, nikasimama hapo. Kuita siwezi. Kuingia siwezi. Ndani mna mtu asiyeona vizuri, na pembeni yake kochi linaanza kushika moto.

"Gwalugano," sauti ya mzee ikasema ndani.

Nilishtuka. Gwalugano yuko shuleni, darasa la tatu, na mzee anajua kwamba Ijumaa ni siku ya shule.

"Gwalugano," akarudia, taratibu, "mwambie mama yako jikoni kuna kitu kinaungua."

Nikaelewa. Kwao, mzee akitaka kusema na mke wa mtoto wake, anapitisha maneno kwa mtoto. Mtoto hakuwepo. Mzee alikuwa anampitishia maneno mtoto ambaye hayupo, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na alikuwa amesikia ndoo ikiburutwa akajua kwamba mimi niko hapo nyuma.

Maisha yangu yote sikuwahi kumtamkia neno mtu yule, hata kupitia kwa mtu.

"Gwalugano," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama si yangu, "mwambie babu si jikoni. Ni humo sebuleni. Kuna pasi kwenye kochi kubwa."

"Gwalugano, muulize mama yako, pasi ya makaa? Babu haioni."

"Mwambie ya umeme. Ndogo. Ya kunyooshea nywele. Ina waya mweusi na midomo miwili."

"Ya kunyooshea nini?"

"Nywele, Gwalugano! Nywele!"

Nilimsikia anainuka. Nilisikia fimbo yake ikigonga meza, mkono wake ukipapasa juu ya kabati, vikombe vikigongana. Alikuwa anaitafuta kwa vidole. Nikaiona akilini ile pasi, midomo yake imeachama, ina moto wa kutosha kuondoka na ngozi ya kiganja, na mkono wa mzee asiyeona unaijia. Moshi ulikuwa umeanza kutoka dirishani, mwembamba, wa kijivu.

"Asiguse!" nikapiga kelele. "Gwalugano, mwambie babu asiguse kitu! Mwambie mimi ninaingia!"

"Gwalugano, mwambie mama yako asubiri."

Asubiri! Hapo hasira zangu zote zilipanda. Nyumba yangu inaungua, watoto wangu watarudi wakute majivu, na huyu mzee bado ananizuia mlangoni kwa sababu ya sura yake ambayo nisiione. Nikasema moyoni, leo nitaiona. Nitaiona yote, na nitamwambia nilichonacho, na jioni nitalala Itaka. Nikaenda mlangoni nikashika kitasa.

Ndani nikasikia vishindo, kitu kinavuliwa, pumzi za mtu mzee anayejitahidi.

"Haya," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imefunikwa na kitu kizito. "Mwambie apite. Babu hayupo."

Nikaingia.

Alikuwa kwenye kona, kati ya kabati na ukuta. Amesimama, amegeukia ukutani, na kichwani amejifunika koti lake la sufu hadi mabegani. Mikono miwili alikuwa ameinua akilishikilia lisianguke. Miguuni alikuwa na soksi tu, na kisigino kimoja kilikuwa kimetoboka. Yule mtu niliyemkimbia miaka tisa alikuwa amesimama kwenye kona ya sebule yangu kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

Nilichomoa waya kwanza. Vitambaa vilikuwa vimeungua duara, na sponji chini yake ilikuwa inafuka moshi bila ndimi. Nikavuta vitambaa nikavitupa uani, nikarudi na maji ya ndoo nikamwagia kochi, nikamwagia tena. Pasi yenyewe niliibeba kwa kitambaa nikaiweka kwenye sahani yake. Kochi lilibaki na shimo jeusi. Nyumba ilikuwa imepona.

"Gwalugano," koti likasema, "moto umezimika?"

"Mwambie babu umezimika."

"Mungu mwema. Basi mwambie mama yako atoke kwa amani. Babu hageuki."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Miguu yangu ilinisubiri niiambie. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu, na khanga yangu, na kichwa changu cha nusu, na mkwe yuko hatua chache kutoka nilipo, na sikuwa nakimbia. Hali hiyo ilinishangaza mno, nikataka ikae kidogo. Nikavuta kiti cha mbao hadi pale kwenye kona, nikakigusisha nyuma ya magoti yake.

"Gwalugano, mwambie babu kuna kiti nyuma yake. Akae tu hivyo hivyo."

Akakaa, uso ukutani, koti kichwani. Mimi nikakaa kwenye mkono wa kochi, upande uliokuwa mkavu.

"Muulize babu mbona amekuja leo. Tulimtegemea kesho."

"Babu alitaka kumkuta baba yako kabla mama yako hajaondoka."

Niliona aibu. Sanduku langu lilikuwa pale mlangoni, na mfuko wake mkubwa wa plastiki, shangazi kaja, umewekwa kando yake.

"Nani amemwambia kwamba naondoka?"

"Baba yako hajui kuficha kitu. Hata kwenye simu, pumzi zake tu unasikia." Akakohoa. "Gwalugano, mwambie mama yako asihangaike. Babu amekuja kumwambia baba yako ampeleke Mkwajuni, kwa shangazi yako Tabita. Kule mwenye nyumba ni mkwe wa kiume, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Si vizuri mtu mzima aingie kwenye nyumba na mwenye nyumba atoke. Babu ameliona hilo."

Tabita na mumewe wanaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mumewe yuko machimboni, anarudi anapopata. Hospitali ya macho ni mbali nao kuliko ilivyo mbali na Ileje kwenyewe. Mzee alikuwa anayajua yote hayo, na alikuwa amepanda gari asubuhi na mapema, na macho yale, ili awahi kutukimbia kabla mimi sijamkimbia yeye.

Nilichokitaka nilikuwa nimekipata. Nyumba yangu ilikuwa imerudi mikononi mwangu bila hata ugomvi. Sijui kwa nini sikufurahi. Nilibaki nalitazama lile koti, lilivyolala kichwani mwake, na nikaona lilivyo jambo dogo. Koti tu. Kuna koti katika kila nyumba.

"Gwalugano," nikasema, "muulize babu hili la kujifunika amejifunza wapi. Miaka yote hii mbona hakulifanya?"

Alilivuta koti mbele kidogo, nikadhani nimemkosea adabu.

"Mwambie mama yako babu hakuwahi kulifikiria," akasema. "Tangu nilipoanza kuozesha watoto, anayekimbiwa ni mimi. Nikipita, wanawake wanatoka. Nikikaa, wanatoka. Sikujua kama na mimi naweza kujificha. Leo ni moto umenifundisha." Kisha akaongeza, polepole, "Ningelijua mapema, ningelifanya siku ile ya bibi yako."

"Siku gani?"

"Siku aliyoondoka."

Mama mkwe alifariki mikononi mwangu, nyumbani kwao Ileje. Tabita alikuwa amejifungua siku zile, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa kwenda kuuguza, na nilimuuguza kama mama yangu mzazi, namuosha, namlisha uji kwa kijiko, namgeuza. Siku ya mwisho nilikaa naye chumbani kutwa. Na nakumbuka vizuri nilivyomhukumu mzee siku ile. Mkewe anakata roho, na yeye amekaa nje kwenye gogo, haingii hata kumshika mkono. Nilisema huyu hana moyo. Nilimwambia Lusubilo hivyo hivyo, baba yako hana moyo.

"Babu alikuwa nje," mzee akasema kutoka chini ya koti. "Mama yako alikuwa ndani na bibi. Babu akasema, nitaingia mama Gwalugano akitoka. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Akatoka mara moja kwenda kuchota maji mtoni, nikasimama niingie. Lakini mto uko hapo chini tu, miguu yangu mizito, na yeye akarudi mbio. Alikuwa hataki kumwacha peke yake. Nikakaa tena."

Niliteleza kutoka kwenye mkono wa kochi, nikakaa sakafuni.

"Mwambie mama yako babu hamlaumu. Nilikuwa nasikia akimwimbia bibi. Aliimba vizuri sana. Nilisema, mke wangu yuko na mtu anayempenda."

Nililia, na sikulia kistaarabu. Niliiona ile njia ya mtoni, na mimi nikikimbia na ndoo, maji yananimwagikia, najisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyebaki, mimi Mnyiha, wakati mwenye mke amekaa juu ya gogo kama mgeni. Nilikuwa nimezunguka mbali naye nikiwa nimeinamisha uso kwa heshima. Mimi nilishika mila na yeye akashika mila, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa udongo na mwanamke anayekufa. Kwa miaka miwili nilikuwa natafuta mtu mbaya katika habari ile, na mtu huyo nilikuwa nimemchagua yeye. Sasa nilimtafuta tena na sikumpata.

"Gwalugano, mama yako analia?"

Nikapenga kamasi.

"Mwambie imetosha. Yamepita. Baba yako akifika, babu atakunywa chai, waondoke zao."

Nilijifuta uso kwa ncha ya khanga. Nikatazama mlangoni, sanduku langu na mfuko wake, vimesimama bega kwa bega, kila kimoja kinangoja kupakiwa. Angel nitakwenda kumcheza kesho, hilo halina mjadala, na Jumapili nitarudi kwangu. Lakini sikutaka kulisema hilo kwa maneno, maana mimi maneno yangu watu wameyazoea. Nikaenda nikauinua ule mfuko wa shangazi kaja. Ulikuwa mzito, una mahindi mabichi ya wajukuu ndani yake, yananukia. Nikaubeba kuvuka sebule. Mzee alisikia plastiki ikisuguana, akainua kichwa chini ya koti, lakini hakugeuka.

"Gwalugano," akaita, na mara hii sauti yake ilikuwa na wasiwasi, "mfuko wa babu unapelekwa wapi?"

"Chumba cha watoto, baba, ndicho chako," nikamjibu. "Na ukisikia napita hapa sebuleni, wewe ndiye wa kujifunika. Mimi sikimbii tena."

Nilikuwa tayari nimeshika pazia la chumba nilipotambua kwamba Gwalugano nilimruka. Nilisimama na mfuko wake mkononi, nikingoja. Chini ya koti mzee akavuta pumzi.

"Haya, mama," akasema.